Wasomaji Wanauliza: Gundi za Shambani na Porini

Toleo lililopita tuligusia gundi ya uji wa ngano ya kubandikia vishada vya watoto, maneno machache tu, alafu meseji zikaja nyingi kuliko nilivyotegemea na zote zinataka kujua zaidi. Kwahiyo mwezi huu safu nzima ni gundi, na ni zile za mimea peke yake, za mifupa na ngozi tutaziangalia siku nyingine. Maswali nimeyafupisha.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Muheza, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 natengeneza mifuko ya khaki nawauzia wenye maduka na wauza karanga. Gundi ya dukani imepanda bei nikawa natumia uji wa ngano ila siku ya pili unanuka, na mende wanaitafuna mifuko stoo. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na hongera, hiyo kazi wengi wanaianza wanaiacha njiani. Achana na ngano hamia kwenye muhogo, na sio unga wa muhogo wa kusonga ugali, nazungumzia wanga wenyewe ule mweupe unaotuama chini. Menya muhogo mbichi, ukwangue mpaka ulainike, changanya na maji mengi alafu kamua kwa kitambaa safi kama unavyokamua tui, acha maji yatulie masaa manne matano. Ukimwaga maji ya juu chini utakuta tope jeupe zito, hilo lioshe tena na maji safi, likitulia mwaga maji, anika mpaka likauke kabisa. Yale maji ya kumwaga usiwape kuku wala mbuzi, hasa kama muhogo wenu ni ule mchungu, maana sumu yake inatoka na maji hayohayo.

Kwa nini nasema muhogo? Wanga wowote una vitu viwili ndani yake, amilosi ambayo ni minyororo iliyonyooka, na amilopektini yenye matawi matawi, na hii ya matawi ndo inayonata na kuvutika. Wanga wa muhogo una amilosi kama asilimia 17 hivi, wa mahindi inafika 25 au zaidi, ndo maana uji wa mahindi ukipoa unaganda na kukatika vipande wakati wa muhogo unabaki laini, unavutika, na ukikauka hauachi weupe kwenye khaki. Ngano nayo ina ile protini ya gluteni ambayo kwa bakteria na wadudu ni chakula kizuri sana, kwahiyo kunuka kwa gundi yako hakuna maajabu.

Kupika chukua kikombe kimoja cha wanga na maji vikombe sita. Kikombe kimoja cha maji kiwe cha baridi, ndo ukorogee wanga humo mpaka pasiwe na donge hata moja, vile vitano vingine vichemshe kwenye sufuria, punguza moto, alafu mimina ule wanga taratibu huku unakoroga bila kuacha. Utaona maziwa meupe yanageuka kuwa ute unaopitisha mwanga, hiyo inatokea joto likifika nyuzi 60 mpaka 70 hivi, pale punje za wanga zinanyonya maji zinavimba zinapasuka. Ukiona imegeuka usikimbilie kuepua, iache kwenye moto mdogo dakika tano nyingine ukiwa unakoroga, wengi wanakosea hapo na gundi yao inakuwa nyepesi na haishiki. Ikipoa ichuje kwa kitambaa.

Kuhusu kunuka, pika ya kutosha siku moja au mbili basi. Matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye sufuria ikishapoa yanasaidia sana kuzuia ukungu, wajalidi vitabu wameyatumia miaka mingi, na mafuta ya karafuu kwako wewe uliye Tanga sio kitu cha kuagiza mbali. Kuna watu watakwambia weka mrututu ili wadudu wafe, usiweke, usiweke kabisa, ni sumu na mifuko yako inabeba karanga za watu. Na mende wanakuja zaidi pale gundi inapowekwa nyingi alafu mfuko ukafungiwa stoo haujakauka, paka nyembamba, kandamiza chini ya ubao, anika kivulini penye upepo mpaka mshono ukauke kabisa ndo ufunge mabando.

Ukitaka kupiga hatua nyingine kaanga ule wanga mkavu, bila maji wala mafuta, kwenye sufuria pana moto mdogo, unageuza muda wote mpaka rangi iwe kama ya chai ya maziwa. Hiyo inaitwa dekstrini. Moto umekata ile minyororo mirefu ikawa mifupi, kwahiyo inayeyuka kwenye maji kidogo tu, na gundi yenye maji kidogo inakauka haraka na haikunji karatasi. Inasimuliwa kwamba watu waliigundua 1821 pale kiwanda cha nguo karibu na Dublin kiliposhika moto na wanga uliokuwa ndani ukaungua, wafanyakazi wakaona maji yaliyomwagwa humo yamekuwa yanata. Mpaka leo dekstrini ni gundi ya bahasha.

Na usione aibu hata kidogo kwamba unatumia gundi ya muhogo au uifiche kwa wateja. Lile boksi la katoni linalobeba sabuni na biskuti, karatasi yake ya mawimbi ya katikati imebandikwa kwa wanga, dunia nzima ni hivohivo. Wao wanapika sehemu ndogo ya wanga pamoja na magadi makali ya kiwandani, sehemu kubwa wanaiacha mbichi ndani ya mchanganyiko, alafu joto la mashine linaimalizia palepale kwenye karatasi. Ila mfuko wa samaki wabichi usiuahidi mtu, wanga ukilowa unaachia.

*Mwalimu habari, niko Isiolo. Huku kwetu akina mama wanaokota gundi ya miti wanauzia mabroka kwa bei ya chini sana, wanachanganya zote gunia moja. Hii gundi inaenda kufanya nini, na je sisi wenyewe tunaweza kuitumia?*

Swali lako nimelipenda na limeniuma pia, nitakwambia kwa nini. Hapo kwenye gunia inawezekana kuna vitu vitatu tofauti. Kuna gundi yenyewe ya mti wa kikwata, ile inayoitwa gundi ya Kiarabu, madonge ya rangi ya asali, ukiyaweka kwenye maji ya baridi yanayeyuka yote. Kuna ubani na kuna manemane, na hizo ni za utomvu wa mafuta mafuta, kwenye maji haziyeyuki zikaisha, kazi zake ni kufukiza na manukato na dawa. Mkichanganya broka anawalipa bei ya kile kibaya kuliko vyote, na ana haki maana mtu wa mwisho lazima aanze kuchambua upya. Chambueni kabla ya kuuza, donge zima mbali na unga unga, safi mbali na yenye maganda na mchanga, anikeni kivulini, wekeni kwenye magunia yanayopumua sio kwenye nailoni. Kipimo cha haraka mtu akibisha ni glasi ya maji ya baridi na subira mpaka asubuhi.

Inaenda kufanya nini? Mambo mengi kweli. Ipo kwenye soda, inashikilia mafuta ya ladha yasielee juu, ukisoma kwenye chupa au kopo utaikuta imeandikwa E414. Ipo kwenye peremende, kwenye vidonge vya hospitali, kwenye rangi za maji za wachoraji, na kwenye wino wa masizi ambao vitabu vingi vya zamani vya hati za Kiarabu viliandikiwa. Stempu ya kwanza ya posta duniani, ile ya Uingereza ya 1840, mgongoni ilipakwa mchanganyiko wa wanga wa viazi, wanga wa ngano na gundi hii. Sudan ndo mzalishaji mkubwa, hasa Kordofan, na Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara 1997 gundi hii ikaja kuachwa nje ya vikwazo kwa sababu viwanda vyao vya vinywaji na peremende vilikuwa vinaihitaji. Sasa mtu akiwaambia akina mama wa Isiolo kwamba hicho ni kitu cha porini kisicho na maana mkumbusheni hilo.

Kutumia wenyewe mnaweza kabisa. Pima kwa mizani sehemu moja ya gundi kwa sehemu mbili za maji, twanga madonge kidogo, maji ya baridi tu bila moto, acha usiku mzima, chuja. Hapo unayo gundi ya bahasha, ya lebo za chupa za asali, ya kazi zote za shule. Ikikauka sana inakuwa kavu ya kupasuka, tone la asali linaipa ulaini. Na mti wenyewe msiukate vidonda virefu vya kuingia kwenye kuni ya ndani, ukwangueni ganda la juu tu wakati wa kiangazi, madonge yanatoka baada ya wiki kadhaa na mwakani mtarudi kuukuta mzima.

*Mwalimu, mtoto wangu kaniuliza kwa nini ulimbo wa fenesi hautoki kwa maji nikakosa jibu.*

Kwa sababu huo sio wanga wala gundi ya kikwata, ni utomvu wa jamii ya mpira, na mpira na maji hawapatani hata siku moja. Mafuta ndo yanaulainisha. Paka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu kabla ya kupasua fenesi, na kama umeshanata paka mafuta kwanza usugue, sabuni ifuate baadae. Sisi tuliokua pwani tulinasia ndege kwa ulimbo wa aina hii. Mwambie mtoto asijaribu na mnyaa lakini, utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya sana na mtu anaweza kupoteza kuona, hilo uliseme kwa msisitizo.

*Fundi seremala hapa, Keko. Plaiwudi na chipbodi tunazokata zinatoa harufu ya kuwasha macho mpaka machozi, nasikia ni gundi. Hakuna gundi ya mmea inayoweza kushika mbao kweli, au hizi zenu ni za karatasi tu?*

Salama fundi. Harufu hiyo ni formaldehaidi, inatoka kwenye gundi za kiwandani za bei nafuu zinazogandisha chipbodi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliitaja 2004 kuwa ni kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu. Kwahiyo kabla hatujafika kwenye mimea, kata mbao hizo nje au fungua madirisha yote, vaa barakoa ya vumbi japo yenyewe haizuii gesi, na vijana wanaolala ndani ya karakana na mbao mpya wahame wakalale kwingine, hili naliomba kabisa.

Sasa jibu. Gundi za mmea zinazoshika mbao zipo na zimeshafanya kazi hiyo viwandani miaka mingi. Plaiwudi za Marekani kuanzia miaka ya 1920 zilikuwa zinagandishwa kwa protini ya soya, baadae gundi za mafuta ya petroli zikaja kwa bei ya chini na kustahimili maji zaidi, soya ikasukumwa pembeni. Ikarudi tena, mwaka 2005 kampuni moja kubwa ya plaiwudi kule Marekani ilianza kutumia gundi ya soya isiyoongezwa formaldehaidi, iliyobuniwa na mtafiti wa chuo kikuu cha Oregon State aliyekuwa anachunguza namna kome wanavyonata kwenye mawe baharini mawimbi yakiwapiga mchana na usiku.

Na kuna inayotuhusu sisi moja kwa moja, ya mti wa miwati. Njombe pana mashamba ya miwati tangu 1949, na kiwanda chake, na Kenya nayo imelima miwati miaka mingi upande wa Eldoret. Magome yake yana tanini nyingi, na wengi wanajua kazi ya tanini ni kutengenezea ngozi basi, wakati Afrika Kusini na Australia toka miaka ya 1970 wamekuwa wanaitumia kugandishia plaiwudi na chipbodi, na hiyo inastahimili maji mpaka nje kwenye mvua. Tanini inafanya kazi ileile inayofanywa na kemikali ya petroli inayoitwa fenoli, zinafanana kimaumbile, ila bado inataka kitu cha kuifunga na joto la mashine ya kukandamizia, kwahiyo wewe na mimi hatuwezi kuipika nyuma ya karakana. Mi naamini hapa ndo viwanda vyetu vya mbao vinatakiwa kuangalia. Miti iko Njombe, magome yako Njombe, alafu gundi ya plaiwudi inaagizwa kwa meli.

Kwa kiti cha leo mteja anakisubiri, tumia gundi nyeupe ya mbao na ungio la ulimi na tundu lililobana vizuri. Gundi ya muhogo kwenye mguu wa kiti usithubutu, unyevu wa Dar utailainisha na mtu ataanguka.

*Mimi ni mwanafunzi Dodoma. Ni kweli watu wa kale walikuwa na gundi au ni hadithi?*

Ni kweli, na ushahidi mzuri sana uko hapahapa Afrika. Kwenye pango la Sibudu, KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, yamepatikana mawe yaliyochongwa yakafungwa kwenye mipini miaka kama 70,000 iliyopita, na juu yake yamebaki mabaki ya gundi ya mmea pamoja na udongo mwekundu. Mtafiti Lyn Wadley na wenzake walijaribu kuitengeneza upya kwa gundi ya migunga na wakaona jambo la maana, gundi peke yake inanyonya unyevu na ikikauka inapasuka, jiwe linachomoka ukipiga, lakini ukiichanganya na udongo mwekundu na kuikausha taratibu kando ya moto inakaza. Maana yake yule mtu alikuwa anajua kiasi cha kuchanganya, anajua umbali wa moto, anaweka mambo matatu manne kichwani kwa wakati mmoja. Mwalimu wako wa historia akisema kemia imeanzia Ulaya mpe huo mfano kwa heshima.

*Tuko Mtwara, kikundi chetu kinabangua korosho, maganda tunachoma. Tumesikia mafuta yake yanatengeneza gundi, tuanze?*

Msianze nyumbani. Mliyosikia ni kweli, mafuta ya ganda la korosho yakipashwa moto yanatoa kadanoli, na viwanda vinaigeuza kuwa gamu ngumu sana isiyoogopa joto, ipo kwenye breki za magari na kwenye rangi za kuzuia kutu. Ila mafuta hayo kabla hayajasafishwa yanaunguza ngozi, nyie wabanguaji mnajua vidole vinavyokuwa, na moshi wake pia unaumiza macho na mapafu, kwahiyo hata huko kuchoma mnakofanya msiwe karibu na nyumba za watu. Kitu cha kufanya ni kukusanya maganda pahali pamoja na kutafuta mnunuzi mwenye mashine ya kukamulia. Robo ya uzito wa ganda au zaidi ni mafuta. Na kila korosho inayosafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam inaondoka na ganda lake, yaani tunauza kiini tunagawa mafuta bure, na habari hii inafanana sana na ile ya sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogeuka mgumu, ambayo pwani yetu ya Mrima iliichimba ardhini karne ya 19, ikapita Unguja ikapelekwa mpaka Salem, Massachusetts, kwenda kuwa vanishi ya samani za wenzetu.

*Assalaam aleikum mwalimu. Naandika kutoka Muscat, tumeachiwa na babu kitabu cha mkono cha kutoka Unguja, kurasa zimechanika na mmoja wetu keshabandika selotepu. Nitengeneze kwa gundi gani?*

Waaleikum salaam ndugu yangu, na ahsante sana kwa kuuliza kabla ya kuendelea. Selotepu msiweke tena hata kipande. Ile gundi yake inageuka njano, inazama kwenye karatasi na baada ya miaka doa halitoki. Iliyokwishawekwa msiibandue wenyewe, mnaweza kuchuna maandishi yakaondoka nayo.

Mimi kazi yangu ni kujalidi, na kwa vitabu vya zamani gundi ninayoiamini ni wanga wa ngano uliotolewa gluteni. Wanaotunza nyaraka kwenye makumbusho duniani kote wanaitumia kwa sababu moja kubwa, inaachia kwa maji, kwahiyo fundi wa miaka mia ijayo akitaka kuirekebisha kazi yako ataweza. Ule udhaifu niliomwonya nao mama wa Muheza kwako wewe ndo faida. Ipike nzito, usitie siki wala shabu, japo wajalidi wa zamani walitia shabu, ina asidi na inaila karatasi polepole.

Lakini kwanza wino. Kama ni wino wa masizi na gundi ya Kiarabu, na vitabu vya aina hiyo ni vingi, maji yataufuta. Chukua pamba ndogo, ilowanishe kidogo sana, gusa nukta moja ya pembeni isiyo na maana, tazama kama pamba imepata rangi. Ikipata rangi simama hapohapo, piga picha kila ukurasa, weka kitabu kwenye boksi la karatasi lisilo na asidi, kavu, mbali na jua, na kitafutie mtaalamu wa nyaraka huko huko Muscat. Wino ukiwa imara, chukua karatasi nyembamba ya Kijapani ya nyuzi ndefu, ichane kwa mkono usikate na mkasi ili kingo ziwe na nyuzi, paka gundi kiasi kidogo kabisa, laza juu ya mchaniko, weka karatasi ya kunyonya maji juu na chini, kandamiza na kitabu kizito, na badilisha hizo karatasi za kunyonya baada ya dakika kumi, alafu tena baada ya nusu saa, mpaka ukigusa usisikie ubaridi wa unyevu. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha.